Mama Hanywi Maji ila Jumamosi

Nyumba ya kona, nyuma ya ghala la mbao
Jumapili, tarehe kumi na nne, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa wifi yangu,

Habari za huko uliko? Hujambo? Shemeji hajambo, na watoto wote wazima? Natumaini kile kikohozi kilichokuwa kinakusumbua kimekwisha, na umerudi mapokezi kuwachekea wageni wa hoteli kwa ile sauti yako. Sisi huku tu wazima, ila joto. Joto la mwaka huu halina adabu. Limeingia mpaka chumbani, limelala kitandani, sisi wenye nyumba ndio tunaonekana wageni. Cherehani nimeihamishia koridoni, karibu na mlango wa uani, nashona nikiwa na taulo shingoni kama bondia.

Kaka yako hajambo. Joto ndio msimu wake. Kila jokofu la mjini limegoma na kila mwenye duka anamtafuta yeye. Binti yetu naye hajambo. Lile jina la Redio uliompa limemganda, hata mwalimu wake sasa anamwita hivyo, na yeye anaitika kwa fahari.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii si yangu. Ikiita tu, Mama ameshanyoosha mkono. Nikibahatika kuipata mimi, Redio anadakia kabla sijamaliza salamu. Karatasi hainyang'anywi.

Ulisikia Mama alilazwa. Kaka yako alikwambia, "Alizidiwa kidogo na joto, ameshatoka." Yule ndivyo alivyo, nyumba ikiungua atakwambia kuna moshi kidogo. Nitakueleza mimi ilivyokuwa, maana mimi ndiye niliyekuwapo. Na nitakueleza na la rohoni, kwa kuwa halielezeki moja bila lingine. Wifi, nina wivu na wewe. Usicheke. Nakupenda, unajua nakupenda, lakini nina wivu na wewe mpaka kuna siku chakula hakikunipita kooni.

Unajua mwenyewe tangu Mama alipoanguka magoti hayamsimamishi bila mtu kumshika. Choo kiko uani, na kukifikia lazima ushuke vile vidato vya mlangoni. Asubuhi kaka yako humpeleka kabla hajaenda kazini, na jioni akirudi humpeleka tena. Mchana nikimuuliza, "Mama, twende?" hunijibu, "Sijabanwa." Nikaona sawa. Mtu mzima anaujua mwili wake.

Joto lilipoanza kukaza, nikaanza kumwekea jagi la maji na glasi kando ya kiti chake cha dirishani. Hanywi. Nikakamulia ndimu, hanywi. Nikatia vipande vya tango, kama wanavyofanya watu wenye nafasi zao. Akaniuliza hiyo ni kachumbari au ni maji. Kila siku ana jibu jipya: mara hana kiu, mara maji yanamjaza tumbo, mara kayaona yana rangi. Nilimbembeleza kama mtoto mchanga. Anaonja, analowesha midomo tu, anaweka chini.

Inakuja Jumamosi. Simu inaita. Ni wewe. "Mama yangu, umekunywa maji leo?" Basi, utadhani kaamrishwa na mfalme! "We mkwe, lete maji haraka, mwanangu anauliza." Naleta. Anaisogeza glasi kwenye simu ili usikie vizuri, gluu, gluu, gluu, mpaka tone la mwisho, kisha anasema, "Umesikia?" Wewe huko unampigia makofi. Anataka nyingine, anakunywa. Na mimi nimesimama pale na jagi langu kama mhudumu wa hotelini kwenu.

Ukikata simu, anaugeukia ukuta na kutabasamu. "Yule mtoto yuko mbali," anasema, "lakini ananijali." Yuko mbali lakini. Na mimi niko karibu lakini nini? Swali hilo nililimeza kila Jumamosi, na lilikuwa chungu kuliko dawa ya minyoo.

Hata Jumapili alikuwa anakunywa vizuri. Nikasema moyoni, sauti ya wifi bado inamfanyia kazi. Jumatatu tunarudi palepale, kulowesha midomo.

Nikajipa sababu. Mama amekuwa opereta wa simu maisha yake yote ya kazi, ameunganisha mawaziri na wafanyabiashara, kwake yeye neno lililotoka kwenye simu ndilo neno. Mimi namwambia mdomo kwa mdomo, nina uzito gani? Nikakumbuka ule ujumbe wako wa sauti, ule uliosema kuna mgeni wa hotelini kwenu amekwambia kila mtu anywe lita tatu kwa siku, asiyekunywa anajizika mwenyewe. Nikasema, hiki hiki. Asubuhi nikajificha nyuma ya mlango, nikaubonyeza, nikamsogezea simu sikioni. "Mwanao huyu, ana haraka." Akasikiliza kwa makini. Nilipopita baadaye, glasi tupu.

Nilifurahi, wifi, na palepale nikanuna. Nilifurahi kwa kuwa kanywa. Nilinuna kwa kuwa hata sauti yako iliyokaushwa ina nguvu kuliko mimi niliye hai na jagi mkononi.

Siku ya pili hivyohivyo, glasi tupu. Siku ya tatu akanirudishia simu, akanitazama kwa lile jicho lake la pembeni. "Mbona anakohoa palepale kila siku?"

Nikaipangusa simu kwa taulo la shingoni.

"Mimi nimeunganisha simu kabla wewe hujazaliwa," akasema. "Unadhani siijui sauti ya mtu na sauti ya kopo?"

Na siku hiyohiyo ndipo nilipojua glasi zilikuwa zinakwenda wapi. Kaka yako alikuwa na kawaida ya kuanika jozi yake ya pili ya viatu vya kazi chini ya dirisha la Mama. Alikuwa analalamika kwamba jua lote hili viatu vinashinda vimelowa, na alimsingizia paka wa jirani mpaka akamrushia ndala. Mchana nilitoka uani na beseni la nguo, nikauona mkono wa Mama umetokeza dirishani na glasi, unamimina polepole, kistaarabu kabisa, ndani ya kiatu cha kushoto.

Nilimpa vidonge vyake vya maneno, siwezi kuficha. Nilimwambia kama hataki mkono wangu aseme. Yeye akaangalia nje. Siku zilizofuata tulikuwa tunasalimiana tu na kupishana, mimi na nguo zangu, yeye na dirisha lake. Maji niliendelea kuweka, lakini sikubembeleza tena. Niliona aibu ya kukataliwa kila siku na mtu yuleyule.

Siku aliyozidiwa ilikuwa katikati ya wiki. Nilikuwa napachika mikono ya mashati ya shule. Mchana mkali, hata nzi wamechoka. Nikamsikia Mama chumbani anaongea. "Halo. Ndiyo. Subiri kwenye laini." Kwa sauti nzuri, ya kazini. Nikajua ni wewe, umempigia siku isiyo yako. Roho ikaniuma. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie mnachoongea. Akaendelea, "Nakuunganisha. Usikate." Nikavuta kitambaa nianze shati lingine, na chini ya kitambaa nikaiona simu. Ilikuwa hapo mezani kwangu wakati wote.

Wifi, sijui nilivyofika chumbani. Alikuwa ameegemea upande kwenye kiti, mikono inahangaika hewani kama anachomeka nyaya. Midomo imepasuka, ulimi mkavu, macho yamezama. Nilimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akaniangalia bila kunijua.

"Unataka kuongea na nani?" akaniuliza.

"Na wewe, Mama."

"Laini hiyo haipatikani."

Nilimnyanyua mwenyewe. Mgongo wangu huu unaoujua, uliofyatuka siku nilipobeba jora la kitambaa, siku hiyo ulinyamaza. Nilivuka naye uani, vidato na yote, mpaka kwa jirani dereva teksi, ambaye alikuwa anakula na aliacha sahani hapohapo na kuwasha gari huku anatafuna.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari aliuliza maswali mengi, anakunywa nini, kiasi gani, mkojo una rangi gani, ana tatizo la moyo au figo, anatumia dawa zipi. Mengine nilijibu, la mkojo sikulijua, maana ni kaka yako anayempeleka. Nilijisikia kama mpangaji, si mtu wa nyumba ile. Walimpima wakasema moyo na figo ni vizima, mwili umekauka tu, na ubongo nao ukikosa maji unaanza kuongea peke yake.

Yule nesi wa wodi, mama mmoja mnene mcheshi, alinifundisha vizuri, nami nakupa kama alivyonipa. Mzee kiu humpotea. Usingoje aseme ana kiu, hatasema. Kwa mtu kama Mama, ambaye moyo na figo havina tatizo, kama glasi sita mpaka nane kwa siku zinatosha, na humohumo unahesabu chai, maziwa, uji, supu, juisi, si maji matupu tu. Joto likizidi, anaongezewa. Anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, si kumjaza mara moja kama pipa. Ukiona mkojo wa manjano hafifu kama majani makavu, mambo mazuri. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, mnyweshe. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo huyo asikilize daktari wake, kwa sababu wengine hupunguziwa. Nikamuuliza, na zile lita tatu za mgeni wa hotelini? Akacheka mpaka akashika meza. "Lita tatu za nini? Anakwenda kuzima moto?"

Nisamehe, wifi, nilipata raha. Raha ndogo, lakini niliinywa yote.

Kesho yake Mama akawa na akili zake. Nilitoka kumnunulia maziwa, na niliporudi nikasimama nje ya pazia kwa sababu nilimsikia nesi anamsaidia na chombo cha kukojolea, sikutaka kumfedhehesha. Nesi akamuuliza, "Bibi, kwa nini hunywi maji? Mkwe wako kaniambia anakuwekea kila siku."

"Nikinywa nitataka choo," Mama akasema.

"Si ataenda na wewe?"

"Ndiyo hilo. Ana mgongo mbovu, yule. Anainamia cherehani tangu asubuhi. Siku moja alinishika kwenye vidato, akaguna. Hakujua kama nimesikia. Nikajua nimemlemea. Mwanangu wa kiume akiwapo Jumamosi na Jumapili, nakunywa. Yeye ana nguvu. Siku nyingine najizuia mpaka arudi."

"Ungekuwa na binti yako hapa je?"

"Aa, binti yangu ningemsumbua mpaka anikimbie! Nimemzaa. Lakini huyu ni mtoto wa watu."

Wifi, umelisoma vizuri? Jumamosi na Jumapili, kaka yako akiwapo. Haikuwa sauti yako. Haikuwa mapokezi, haikuwa makofi, haikuwa "Mama yangu". Ungeweza kupiga Jumatano ukaimba, asingekunywa tone. Pale nyuma ya pazia, na maziwa mkononi, nilitaka kucheka kwa sauti.

Halafu neno la mwisho likanifikia. Mtoto wa watu. Nimeolewa humu nikiwa sina hata mvi moja. Nimemvalisha, nimemsuka, nimemkata kucha, tumegombana na kupatana chini ya paa moja mara nyingi kuliko nilivyofanya na mama aliyenizaa. Na bado wewe una haki ya kusumbuliwa mpaka ukimbie, na mimi natunzwa kama mgeni, mtu anakauka kitini ili nisigune. Nimeona watu wanaoneana wivu kwa nyumba, kwa nguo, kwa waume. Mimi siku hiyo nilikuonea wivu kwa usumbufu ambao hata huupati.

Nilifungua pazia. Sikupanga maneno. Nilimwambia, "Mama, nisumbue."

Akashtuka. Nesi akajifanya anakunja shuka.

"Mgongo wako, mwanangu," akasema.

"Mgongo wangu unabeba majora ya watu nisiowajua. Wewe utanishinda uzito? Jana nimekubeba mpaka kwenye teksi, umenisikia naguna?"

"Jana sikuwepo," akasema. "Nilikuwa kazini naunganisha simu."

Tukacheka wote watatu, na mimi nikalia kidogo, na yeye akaniambia nipanguse uso, maziwa yanapoa.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Kaka yako amefunga bomba la chuma ukutani kuanzia kitandani kwa Mama mpaka mlango wa uani, la kushikilia. Fundi seremala wa hapa ghalani ametutengenezea kiti chenye tundu, tunaweka ndoo chini, kinakaa pembeni mwa kitanda nyuma ya kanga. Mwanzo Mama alikiita kiti cha aibu, sasa anakiita ofisi. Mchana haendi tena uani. Mimi simbebi, namshika tu kiunoni, yeye anashika bomba, mgongo wangu haujui hata kama kuna kazi.

Asubuhi anapata chai ya maziwa. Katikati ya asubuhi uji mwepesi, mchana maji na tikiti, maana tikiti nalo ni maji yaliyovaa ganda la kijani. Alasiri glasi nyingine, jioni supu. Baada ya supu namwacha, nesi alisema usiku wa mzee uwe wa kulala. Simlazimishi. Nikiona midomo imeanza kukauka namwongezea. Na lile swali la daktari la mkojo, sasa waniulize mimi. Nitawajibu mpaka wachoke.

Usidhani amekuwa malaika. Juzi nilikuwa kwenye kola, mahali pa kola usipomaliza kwa pumzi moja inakataa, akaniita. Nikasema nakuja. Akaita tena. Nikasema nakuja, Mama. Basi akapaza sauti nyumba nzima ikasikia, na dereva teksi akasikia, na mafundi wa ghalani wakasikia, "We mwanamke! Unachelewa nini? Unataka nijikojolee hapa?" Hakuna mkwe, hakuna mwanangu, hakuna tafadhali. Niliiacha kola imeharibika nikakimbia. Wifi, nilitamani simu ingekuwa wazi usikie nilivyokemewa.

Kwa hiyo nina ombi moja, nawe unikubalie kwa ajili ya undugu wetu. Jumamosi ukipiga, muulize Mama habari za magoti, muulize ndoto zake, mwambie habari za wageni wako wenye vituko, mwimbie ukitaka. Akuchekee, akusifu, aseme yuko mbali lakini. Hayo yote ni yako na sikunyang'anyi. Lakini usimuulize kama amekunywa maji. Swali hilo limepata mwenyewe.

Nisalimie shemeji na umwambie joto hili asilitamani. Nisalimie wanao wote, mkubwa na yule mchokozi, waambie mke wa mjomba wao anataka kuwaona kabla hawajamzidi urefu. Huku kaka yako anakusalimu, Redio anakusalimu mara nyingi mno, na Mama anakusalimu kutoka ofisini kwake. Mungu akulinde kwenye hiyo kazi ya kusimama kutwa, akupe wa kukuuliza umekula, na akurudishe kwetu mzima ili wivu huu nikuonyeshe uso kwa uso.

Nakomea hapa. Ananiita.

Wako akupendaye hata akinuna,
Mke wa kaka yako